Sura ya Tatu: Pumzi Kwanza, Jembe Baadaye

Kila anayewafundisha vijana kanisani amewahi kuulizwa swali hili, na kwa kawaida huulizwa ibada ikishakwisha, watu wakisalimiana mlangoni: "Mchungaji, nitajuaje kusudi la Mungu katika maisha yangu?" Anayeuliza anaweza kuwa binti aliyemaliza chuo miaka kadhaa iliyopita na bado anazunguka na vyeti vyake maofisini. Anaweza kuwa baba aliyestaafu, ambaye zamani simu yake ilikuwa haitulii na sasa inashinda kimya mchana kutwa. Anaweza kuwa mama aliyemzika mtoto wake wa pekee. Wote hutumia maneno yale yale, ingawa kila mmoja anaumia mahali pake.

Ndani ya swali hilo mna maswali mawili. La kwanza: kwa nini nipo? La pili: nifanye nini? Wengi wetu huyauliza kwa pamoja, na shida huanzia hapo, kwa sababu asiyeona la kufanya huishia kuamini kwamba hana sababu ya kuwapo. Imani ya Kikristo inayatenganisha. Inalijibu la kwanza kabla ya kuligusa la pili, na utaratibu huo una uzito mkubwa kuliko tulivyozoea kufundishwa.

Siku hizi swali hili limepata soko. Mabango barabarani yanatangaza semina za kuijua hatima yako. Kuna mafuta, kuna maji, kuna "mbegu", yaani sadaka ambayo mtu huitoa akiahidiwa kwamba Mungu atamrudishia mara nyingi zaidi. Mtu mwenye hofu ya kupitwa na kusudi lake hulipa chochote anachoambiwa, na naandika haya kwa uchungu, maana wanaolipa zaidi ni wasio na kitu. Fundisho lenyewe lina kasoro kwenye shina lake. Linamwonyesha Mungu aliyelificha kusudi la mtu mahali fulani, kisha akawapa watu wachache tu uwezo wa kulifichua. Mungu wa namna hiyo hayumo katika kurasa za kwanza za Biblia, na tuanzie huko.

Kipi kilitangulia Edeni?

Biblia ina masimulizi mawili ya uumbaji, yaani ya jinsi Mungu alivyofanya vitu vyote viwepo. Yamefuatana katika sura mbili za mwanzo za kitabu cha Mwanzo. Chukua sura ya pili uisome polepole, ukiangalia kipi kinatangulia kipi. Mungu anatwaa mavumbi ya ardhi, anamfinyanga mtu, anampulizia pumzi puani, na mtu anakuwa hai. Huo ni mstari wa 7. Baada ya hapo Mungu anapanda bustani upande wa mashariki. Anaotesha miti inayopendeza kuitazama na yenye matunda ya kula, na mwandishi ametaja macho kabla ya tumbo. Kisha anaeleza habari za mto unaogawanyika kuwa mito minne, na dhahabu ya nchi moja iliyo karibu na mto mmojawapo. Ni katika mstari wa 15 tu ndipo mtu anapopewa kazi ya kuilima bustani na kuitunza.

Kati ya pumzi na jembe kuna mistari saba. Katika mistari hiyo yote mtu yupo, anapumua, na hajafanya lolote. Hakuna neno linaloonyesha kwamba Mungu anaona amepata hasara.

Sura ya kwanza inafikia jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Huko Mungu anaumba kwa siku sita, na mwanadamu anakuja siku ya sita, mwishoni kabisa, baada ya wanyama wa nchi kavu. Anabarikiwa, anaambiwa azae, aijaze nchi na kuitawala. Kisha inafika siku ya saba, ambayo Mungu anapumzika na kuitenga iwe takatifu. Hiyo ndiyo asili ya Sabato, siku ya kupumzika. Sasa ihesabu kwa upande wa mtu: siku ya saba ya Mungu ndiyo siku ya kwanza nzima ya mwanadamu duniani. Amepewa wajibu jioni, akalala, akaamka kwenye siku ambayo hakuna kazi. Maisha yake yanaanza kwa kukaa na Mungu, na shamba linamngoja.

Kila mzazi anaujua utaratibu huu hata kama hajawahi kuufikiria. Mtoto hubebwa kwanza, huogeshwa, hupewa jina, huimbiwa. Miaka inapita kabla ya kutumwa dukani kununua chumvi. Na siku anapotumwa, hatumwi ili athibitishe kwamba ni wa nyumba ile.

Kwa watu wa zamani zile hili lilikuwa jambo geni. Katika nchi ya Mesopotamia, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Iraki, kulikuwa na utenzi uitwao Atrahasis. Nakala zake za kale, zilizoandikwa kwenye vibao vya udongo, zina umri wa zaidi ya miaka 3,600. Unasimulia kwamba hapo mwanzo miungu midogo ndiyo iliyofanya kazi. Ilichimba mifereji, ikachimba mito ya Tigri na Frati, ikachoka. Ikachoma moto majembe na vikapu vyake, na usiku ikaizingira nyumba ya Enlil, mungu mkubwa. Ulikuwa mgomo kamili. Suluhisho likawa kumuumba binadamu: mungu mmoja akachinjwa, nyama na damu yake vikachanganywa na udongo, akapatikana kiumbe wa kuichukua kazi ile. Hapo mtu yupo kwa sababu kazi ilikosa wa kuifanya. Akizeeka, akiumwa, akikatika mkono, sababu ya kuwapo kwake imekwisha.

Waisraeli waliishi jirani na masimulizi ya aina hiyo, na baadaye baadhi yao walipelekwa mateka katika nchi ile ile yalikotoka. Udongo upo katika masimulizi yote mawili. Tofauti iko katika kile kilichotiwa ndani ya udongo, na sababu ya kukitia. Mungu wa Mwanzo hajachoka na hana mfereji unaosubiri mchimbaji. Anatoa pumzi kwa sababu anataka mtu awepo.

Kwetu huku habari hii ina historia yake. Johann Ludwig Krapf, mmisionari kutoka Ujerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Juni akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Kadhi wa mji, Mwislamu mwenye elimu kubwa ya lugha. Julai mke wake, Rosine, akajifungua mtoto wa kike. Homa ikampata mama akafariki, na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani kwa homa hiyo hiyo. Wakazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Sura tatu za mwanzo za tafsiri yake zilichapishwa Marekani mwaka 1847, na ni miongoni mwa sehemu za kwanza kabisa za Biblia kupigwa chapa kwa Kiswahili. Kwa hiyo habari ya pumzi ya uhai iliingia katika maandishi yetu kwa mkono wa mtu aliyekuwa amemzika mke na mtoto. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba kusema "uhai ni zawadi" ni maneno ya watu ambao hawajapatwa na jambo.

*Kwa ufupi:* Katika Mwanzo mtu hupewa uhai, halafu mahali pa kukaa, halafu kazi. Kazi ni njema na imetoka kwa Mungu, lakini haikumtangulia mtu.

Bei ya mtu

Sura ya kwanza ya Mwanzo inaongeza neno zito: mwanadamu, mume na mke, ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Wasomaji wengi hudhani maana yake ni kwamba Mungu ana uso na mikono kama sisi. Katika dunia ya kale neno hilo lilikuwa na kazi nyingine. Wafalme wa Misri na wa Mesopotamia ndio walioitwa mfano wa mungu fulani. Wafalme pia walisimamisha sanamu zao katika majimbo ya mbali, ili kila apitaye ajue nchi ile ni ya nani. Mwanzo inakichukua cheo hicho cha ikulu na kumpa kila mtu, mwanamke na mwanamume, mkulima na mchunga mbuzi. Popote alipo mtu, hapo pana alama ya mwenye nchi.

Ukilikubali hilo, mambo mengi yanabadilika, na la kwanza ni biashara ya watu. Katika karne ya 4, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, askofu Gregori wa Nisa alihubiri juu ya kitabu cha Mhubiri. Alipofika mahali ambapo mwenye kitabu anajivunia kununua watumwa, alisimama hapo na kuwageukia matajiri waliokuwa wakimsikiliza. Hoja yake ilikuwa hii: Mungu alimpa mtu mamlaka juu ya wanyama na ardhi, lakini hakumpa mamlaka juu ya mwenzake. Na kama mtu ni mfano wa Mungu, ni fedha kiasi gani zinazoweza kutajwa kuwa bei yake? Hata dunia nzima ikiuzwa haitoshi. Katika ulimwengu wa Kirumi, ambako utumwa ulikuwa jambo la kawaida kama mvua, sijui kama kuna mwingine aliyelipinga jambo lenyewe kwa uwazi wa namna ile.

Inauma kwamba Wakristo wengi waliofuata hawakumsikiliza. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice, aliyetoka katika nchi ya Kikristo, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Karibu karne nzima ilipita kabla soko la watumwa la Zanzibar halijafungwa, mwaka 1873. Penye soko lile, Mkunazini, wamisionari Waanglikana walijenga kanisa kuu, na inasimuliwa kwamba altare imewekwa mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Bagamoyo, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868, walikuwa wamewakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Hata huko waliokombolewa waliishi chini ya ratiba kali ya kazi za shamba, wakisimamiwa kwa karibu sana. Sisemi hivyo ili kuwadharau mapadre wale. Walikufa kwa malaria wakiwa vijana, mmoja baada ya mwingine. Nasema kwa sababu tunaona jinsi ilivyo vigumu, hata kwa watu wema, kumtazama mtu kabla ya kutazama anaweza kufanya nini.

Walivyojibu mababu wa imani

Makanisa yaliliweka swali la kusudi katika katekisimu, yaani vitabu vidogo vya maswali na majibu vya kuwafundishia watoto na waumini wapya. Wengi mnazikumbuka mlizokariri kabla ya kipaimara au komunyo ya kwanza. Kwa maneno yangu mwenyewe, majibu yenyewe ni haya:

- Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, inamfundisha mtoto kukiri kwamba Mungu ndiye aliyemuumba yeye binafsi, akampa macho, masikio na akili, na bado anamtunza kwa chakula, nguo, hata viatu, bila yeye kustahili.
- Katekisimu ya Heidelberg, ya mwaka 1563, inauliza faraja ya mtu ni ipi akiwa hai na akifa. Jibu ni kwamba yeye si mali yake mwenyewe. Ni wa Yesu Kristo, mwili na roho.
- Katekisimu Fupi ya Westminster, iliyoandikwa London mwaka 1647 na kurithiwa na Wapresbiteri wa Kenya na kwingineko, inasema mtu yupo ili amtukuze Mungu na kumfurahia milele.
- Katekisimu za Kikatoliki zimefundisha kwa vizazi kwamba Mungu alituumba ili tumjue, tumpende, tumtumikie hapa duniani, kisha tuishi naye mbinguni.

Madhehebu haya yaligombana kwa mengi, na mengine yalimwaga damu. Katika hili yanasikilizana. Hakuna hata moja linalotaja cheo, taaluma, mtaji au "mpenyo". Yanataja uhusiano: kutunzwa, kuwa wa mtu, kufurahia, kujua, kupenda. Utumishi upo, ila unakuja ndani ya upendo. Mimi huvutiwa zaidi na viatu vya Luther. Mtoto wa miaka kumi na mbili pale Machame au Bukoba, akisimama mbele ya mwalimu wa kipaimara kujibu swali la Mungu amemfanyia nini, anapaswa kufika hadi miguuni mwake. Kama siku hiyo amevaa kandambili, basi kandambili zile zimeingia katika ungamo la imani.

Injili zinaliweka jambo hili katikati kabisa ya habari za Yesu. Alipobatizwa Yordani alikuwa na umri wa miaka kama 30. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Nazareti, kijiji kidogo, akifanya useremala. Hakuwa amemponya mgonjwa hata mmoja kwa habari tulizo nazo, wala hakuwa na mwanafunzi. Katika hali hiyo sauti kutoka mbinguni inatamka kwamba huyu ni Mwana, anapendwa, na Baba amependezwa naye. Mahubiri, miujiza na msalaba vinafuata baadaye. Wakristo huamini kwamba anayeungana na Kristo kwa imani na ubatizo anaingizwa katika maneno yale yale. Ndiyo maana huitwa neema, wema wa Mungu unaomfikia mtu bila kuununua.

Barua ya kwenda Babeli

Ukiuliza mstari unaopendwa kuliko yote kuhusu kusudi, wengi watakutajia Yeremia 29:11. Umo kwenye kalenda, kwenye kadi za mahafali, na kwenye vioo vya daladala. Unasema kwamba Mungu anajua anachowapangia watu wake, nacho ni amani na tumaini, si maafa. Ni mstari wa kupendwa. Ila ni kipande cha barua, na barua huwa na walioandikiwa.

Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliuteka Yerusalemu. Akamchukua kijana Yekonia aliyekuwa mfalme, mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi, akawapeleka nchi ya mbali. Hicho ndicho kinachoitwa uhamisho: kung'olewa kwa nguvu katika nchi yako na kupandwa katika ya mwingine. Huku nyumbani akasimama nabii aitwaye Hanania akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi: mfalme, mateka na vyombo vya hekalu. Alisema hekaluni, mbele ya makuhani na umati wote. Yeremia alisimama pale pale akamjibu kwamba angependa iwe hivyo. Lakini alichotumwa kuwaandikia mateka kilikuwa kingine. Itachukua miaka 70. Wajenge nyumba wakae. Wapande bustani. Waoe, wawaozeshe watoto wao, waongezeke huko huko. Na jambo gumu kuliko yote: wautakie heri mji wa adui zao na kuuombea, maana ukistawi na wao watastawi.

Fikiria mhunzi wa miaka 35 akiisikiliza barua ile ikisomwa kando ya mfereji wa Babeli. Ameambiwa kwamba Mungu ana mpango mwema, na ameambiwa pia kwamba atakufa kabla ya kuuona ukitimia. Mpango ni wa taifa zima, umeupita umri wake. Sehemu yake yeye ni kuchimba shimo la mche wa mtende na kumtafutia mwanawe mchumba. Je, maisha yake yamekosa kusudi? Yeremia anasema hapana, na hampi kitu kikubwa zaidi cha kujivunia.

Hapo ndipo mafundisho mengi ya hatima yanapoanguka. Hanania aliahidi miaka miwili, na watu wa namna yake hawajaisha. Ukisikia mtu akifundisha kuhusu kusudi la maisha yako, jiulize:

1. Je, kusudi hilo linanihusu mimi peke yangu, au jirani yangu naye atakula matunda yake?
2. Je, linamsubiri nabii fulani alifungue, au naweza kuanza kulitii leo kwa nilicho nacho?
3. Nikifa kabla halijatimia, je, fundisho hili lina neno lolote la kuniambia?

Swali la tatu ndilo linalopima zaidi. Mashahidi wa Uganda waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, wengi wao walikuwa vijana wadogo wa ikulu. Kwa hesabu ya mafanikio, walipotea kabla ya kuanza.

Kuhusu kazi yenyewe

Baada ya kusema yote hayo, tusiidharau kazi. Mtu wa kwanza ambaye Biblia inaeleza kwamba Mungu alimjaza Roho wake hakuwa nabii wala kuhani. Alikuwa fundi. Jina lake ni Bezaleli, wa kabila la Yuda, na habari zake zimo katika Kutoka 31. Roho alimjia kwa ajili ya kuchonga mbao, kukata vito, na kufua dhahabu, fedha na shaba kwa ajili ya hema la ibada. Mtume Paulo alishona mahema, na Korintho aliishi na kufanya kazi kwa Akila na Prisila kwa sababu walikuwa na ufundi mmoja.

Luther aliandika mwaka 1520 kwamba fundi viatu, mhunzi na mkulima wote wamewekwa wakfu sawa na maaskofu, kila mmoja akiwa na kazi yake ya kuwafaa wengine. Kutokana na fundisho hilo tunapata maana pana ya wito: mwito wa Mungu unaomkuta mtu pale alipo. Zamani neno hilo lilitumika kwa padre na mtawa tu. Mtazame fundi cherehani anayeshona sare za shule wiki ya mwisho ya Desemba. Anapindua mshono wa pembeni mara mbili ili usifumuke Machi, ingawa mteja hawezi kuuona na bei haibadiliki. Anaacha upindo mpana chini ya gauni, maana mtoto atarefuka na mama yake hana fedha ya gauni jingine mwakani. Hajaota ndoto yoyote usiku. Amempenda jirani kwa sentimita nne za kitambaa, na kwa imani ya Kikristo hapo ameshatimiza alichoitiwa siku hiyo.

Basi yule binti anayezunguka na vyeti namwambia aendelee kutafuta, maana ukosefu wa ajira ni tatizo la kweli na kuomba pekee hakutaliondoa. Serikali na waajiri nao wana la kujibu. Lakini asikubali mtu yeyote amwambie kwamba amepitwa na kusudi lake.

Na asiyeweza kufanya lolote?

Hili ndilo jiwe la kupimia yote niliyoandika. Mama amepata kiharusi. Upande wa kulia hauinuki, maneno yanatoka nusu nusu. Mkwe wake anamlisha uji kwa kijiko kidogo, anafuta kidevu kwa pembe ya kanga, anasubiri ameze. Mama huyu alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kwenda shambani, aliongoza jumuiya, alisomesha watoto watano kwa ndizi na maharage. Sasa kila anayemtembelea anasikia sentensi ile ile, ikitoka kwa shida: Mungu ananiweka kwa ajili gani?

Wageni hukimbilia kumtafutia kazi. "Unatuombea, mama." Ni kweli, na pengine anaomba kuliko wote. Lakini sikiliza tunachokubali kimya kimya tunaposema hivyo: kwamba lazima awe na shughuli fulani ndipo tuwe na haki ya kusema maisha yake yana maana. Na siku akili yake itakapopotea, asiweze hata kuomba? Tutakuwa tumerudi kwa miungu ya Atrahasis.

Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri zaidi mwanzoni. Walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Walipoanza kuyatafutia sababu ndipo walipomjeruhi. Yesu naye, alipoulizwa ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, alilikataa swali lenyewe. Kwa hiyo sitamwambia mama huyu kwamba kiharusi chake kina kusudi. Namwambia kwamba yeye analo, kwa kuwa pumzi iliyo puani mwake ni ile ile aliyopewa kabla hajashika jembe. Alipozaliwa hakuweza kujilisha, na hakuna aliyeuliza yupo kwa ajili gani.

Imani ya Kikristo inakwenda mbele zaidi ya hapo. Inasema mwili ule ule, uliotokana na mavumbi, utafufuliwa. Katika sura ya 15 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, Paulo anatumia mistari 58 kulieleza hilo: mbegu inayozikwa, udhaifu unaovikwa nguvu, kifo kinachomezwa. Anamaliza kwa kuwahimiza wasonge mbele katika kazi ya Bwana, kwa kuwa taabu yao haitapotea. Na mstari unaofuata, bila kupumua, anaanza kuzungumzia mchango wa watu wa Yerusalemu: kila mmoja atenge kitu nyumbani kwake siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri alivyojaliwa, ili atakapofika pasiwe na harambee ya haraka haraka.